Firigisi ya Kuku wa Jana

Mwanangu Mwavita,

Umevuka mto kwenda kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi upesi, maana shangazi akishika mkono wa mtu hauachii mpaka amalize habari za ukoo mzima. Mimi nimekaa barazani na karatasi hizi. Watu huandika barua za namna hii usiku, nyumba ikiwa imelala. Mimi siwezi tena. Jicho langu lililobaki linataka jua, na hata kwenye jua mistari yangu inapanda na kushuka, utaiona mwenyewe. Mimi niliyekuwa nawaandikia nusu ya mtaa wetu wa Alunguli barua zao, leo naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Cheka tu, mwalimu. Hata mimi nacheka.

Kesho alfajiri pikipiki ya kukupeleka Pangi kufundisha itakuja kukuchukua. Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume wa machimboni wanaowapigia walimu wa kike mluzi. Hayo nimekuimbia tangu unanyonya, na umeyachoka.

Nataka kuanza na jana jioni. Tulichinja kuku wa kukuaga. Nikaitoa firigisi kwenye sahani yangu, nikaiweka kwenye sahani yako. Unajua mwenyewe kwamba nyumbani kwetu firigisi ni ya baba, na tangu baba yako alipopotea imekuwa yangu mimi niliyekalia kiti chake. Sijawahi kuitoa, hata kwa kaka yako Asumani siku anazorudi kutoka Kabambare kwenye uchimbaji wake. Uliiangalia kwanza, kisha machozi yakakutoka, ukasema: "Mama, leo njo umenipa ukubwa." Niliinama nikaendelea na wali wangu uliolowa mchuzi.

Nitairudia hiyo firigisi. Kwanza lazima nikueleze upya habari ya bibi yako, kwa sababu umeisikia vibaya, na aliyekueleza vibaya ni mimi.

Umekua ukisikia kwamba Bibi Mwamini, mama yangu, alituachia chakula chake wakati wa vita mpaka akafa. Nimelisema hilo misibani, nimelisema kwenye harusi, nimekuambia wewe kila ulipokataa kumaliza ugali wako. Wanawake wa mtaa wakinisikia wanatikisa vichwa, wanasema huyo alikuwa mama kweli. Nami nilikuwa najivuna, kana kwamba njaa yake ilikuwa cheo changu.

Ulizaliwa vita imekwisha kuingia mjini. Reli ilikuwa imekatika, na baba yako alikuwa amepanda treni ya kusini kabla haijakatika. Mpaka leo sijui alishukia wapi. Mjini walikaa askari, msituni walikaa wengine, na mashamba yetu yalikuwa kwa hao wa msituni. Mwanamke aliyekwenda kuchimba mihogo yake mwenyewe alirudi ameharibiwa, au hakurudi. Chumvi ikawa kitu cha kunong'onezana. Tulikula mihogo mikavu ya zamani, migumu, yenye nyuzi, na majani ambayo siku za amani tulikuwa tunawapa mbuzi.

Bibi yako aliketi nasi kwenye sinia kila siku. Alichukua kipande chake, akatafuna, akatafuna, halafu akaacha ghafla na kushika shavu. Anapumzika. Anajaribu tena. Kisha anasukuma kilichobaki mbele ya Asumani, ambaye alikuwa mtoto mwenye njaa ya mtu mzima. "Kula, baba," alikuwa anamwambia. "Mimi nimeshiba." Mjini kote hapakuwa na mtu aliyeshiba, lakini sisi tulimwamini, au tulijifanya kumwamini. Asumani alikula. Mimi nilimwacha ale.

Hiyo ndiyo sehemu unayoijua. Sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu ni ya uji wako.

Maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Nilikuwa na unga kidogo wa mchele, niliouficha hata kwa macho yangu mwenyewe, na kila asubuhi nilikupikia uji kikombe kimoja. Siku moja nilikwenda kuchota maji nikarudi upesi kuliko ilivyotarajiwa, nikamkuta mama yangu nyuma ya jiko, amekishika kikombe chako kwa mikono miwili, anakunywa. Yule yule aliyesifiwa mtaa mzima kwa kuacha chakula.

Nilimwambia: "Mama, unanyanganya mutoto?"

Alikiondoa kikombe mdomoni. Hakuonekana kama mwizi aliyekamatwa, alionekana kama mtu aliyechoka. Alisema: "Iko laini. Njo inapita."

Kwamba uji ni laini, ndio unaopita, basi. Mimi nilikipokonya kikombe na kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Nilimwambia akitaka kufa afe, lakini asimchukue mwanangu. Tangu siku hiyo hakugusa uji. Alimwachia Asumani mihogo, akakuachia wewe uji, akakauka mbele yetu, nasi tukaendelea kumsifu.

Kichwa kilikuwa kinamuuma muda mrefu, upande, hapa panjani kati ya jicho na sikio. Hakutaka nimsuke. Ukigusa nywele zake alijikunja kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na nilimwona mdekaji. Mzee mmoja wa dawa alimchanja chale mbili panjani akapaka unga mweusi. Haukusaidia kitu. Asubuhi moja, jua limeingia mpaka kwenye mkeka, aliketi akauliza: "Mbona hamujafungua mulango?"

Asumani akamjibu: "Mulango iko wazi, bibi."

Baadaye alinieleza kwamba jicho la kwanza lilikuwa limekwisha tangu siku nyingi, na hakusema, kwa sababu alikuwa bado na la pili na sisi tulikuwa na shida za kutosha. Hospitali iko ng'ambo, unaijua. Wakati ule kuvuka Lualaba ilikuwa kujitoa kwa wenye bunduki wa pande zote mbili, na waliovuka walisema makabati ya dawa hayana hata milango. Kwa hiyo sitajilaumu kwamba sikumvusha. Kuna mambo mengine ya kujilaumu. Watu walisema amerogwa, wakamtazama kikongwe mmoja jirani yetu mpaka yule kikongwe akahama na mkeka wake kichwani. Bibi yako alikufa kabla vita haijaisha, ameegemea ukuta, na sisi tulisema ni njaa.

Sasa nije kwangu. Mengi uliyaona, lakini uliyaona ukiwa upande wa mwuguzaji, nataka uyaone ukiwa upande wangu.

Wewe ndiye uliyegundua wa kwanza. Ilikuwa karibu na Idi, ukanikalisha unisuke, ukaingiza chanuo, nami nikakupiga mkono kwa nguvu mpaka chanuo likaruka. Ulidhani nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Ngozi ya kichwa ilikuwa inaniuma kama kidonda kisichoonekana. Kichwa kilikuwa kinaniuma siku zote panjani, na mifupa ya mabega asubuhi ilikataa kunyanyuka. Nilisema ni uzee. Msikitini nikiinuka kutoka sijida jicho la kushoto lilikuwa linaingia giza kidogo, halafu linarudi. Nilisema ni saumu. Mihogo ya kuchoma niliyokuwa naipenda niliiacha, kwa sababu nikitafuna mara chache taya zinachoka, zinauma, nikipumzika zinaacha. Nilisema ni meno. Nilikuwa na jina la kila kitu, na hakuna jina hata moja lililokuwa sahihi.

Siku yenyewe nilikuwa nachagua mawe kwenye mchele wa kuuza. Jicho la kushoto likashukiwa na pazia kutoka juu, kimya, bila maumivu. Nilifikiri ni pumba zimeingia. Nikaosha. Nikaenda kwa jirani yetu aliyekuwa ananyonyesha, nikamwomba anikamulie maziwa jichoni, kama tunavyofanyiana wanawake wa hapa tangu zamani. Alinikamulia kwa moyo wote, maskini. Jioni niliona nusu ya uso wako. Kesho yake sikuona hata nusu. Wewe ulitaka tuvuke siku hiyo hiyo, nami nikasema tungoje maziwa yafanye kazi, na tukangoja. Hapo ndipo jicho la kushoto lilipozikwa, mwanangu, kwenye kungoja.

Tulipovuka hatimaye, daktari alikuwa kijana, nikaona atatuharibia siku. Lakini hakuanza na jicho. Alinigusa panjani kwa vidole viwili, polepole, akauchukua mkono wangu akanifanya niguse mwenyewe. Mshipa ulikuwa mgumu kama uzi wa mkeka, na haukupiga. Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwa mganga yeyote.

"Mama, ukitafuna, taya inachoka? Inauma, halafu ukipumzika inaacha?"

Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Ulidhani nalia kwa sababu ya jicho. Daktari naye alidhani hivyo, akanipa kitambaa. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, miaka yote ile nyuma, namwona mama yangu na kikombe cha uji. Iko laini, njo inapita. Alikuwa ananiambia ugonjwa wake kwa maneno ya wazi kabisa, na mimi nilisikia uroho.

Kwa hiyo sikia sasa habari yenyewe. Bibi yako hakutuachia chakula. Alishindwa kukitafuna. Mishipa ya damu kichwani mwake ilikuwa imevimba kwa ndani, njia imekuwa nyembamba, damu haifiki tayani, na baadaye haikufika machoni. Mihogo mikavu ilikuwa mateso kwake, na alipopata kitu kimoja laini katika njaa ile yote, binti yake alikipokonya. Hakuna aliyejua. Daktari mwenyewe anasema ugonjwa huu hauonekani sana kwetu, na hata walio na vyombo vyote hukosea. Lakini mimi sikukosa vyombo. Nilikosa kuuliza. Ningemwuliza tu, mama, mbona kikavu unaacha na cha maji unakunywa? Sikumwuliza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua yeye ni mtu wa namna gani. Kwanza niliamua ni mtakatifu, halafu niliamua ni mwizi, na kati ya hayo mawili hapakubaki nafasi ya mgonjwa.

Na bado tulikula kile chakula. Asumani ana mifupa mipana kwa sababu ya mihogo ile, na wewe uko hai kwa uji ule. Hilo sijui niliweke wapi, nimeligeuza huku na huku na sipati mahali pake.

Unakumbuka daktari alivyosema: "Hii jicho imekwisha, mama, sitakudanganya. Njo ile ingine tunapigania. Tunaanza leo, hapana kesho." Walinitoa damu wakaiacha isimame kwenye mrija mrefu mwembamba, wakaitazama inavyoshuka, nayo ilishuka upesi mno. Hakungoja kipimo kingine, alisema cha uhakika zaidi hakipo hapa na jicho halitangoja kitoke mbali. Wakaniwekea sindano kali kwenye dripu. Asubuhi kichwa kilikuwa kimenyamaza kwa mara ya kwanza tangu kabla ya Idi, nami nikala mkate na kuutafuna mpaka mwisho. Niliona aibu kuufurahia.

Kisha wakaniletea vidonge, na hapo ndipo ujinga wangu wa pili ulipoanza.

Nilivijua vile vidonge. Ni ndugu wa vile nilivyokukuta navyo ulipokuwa msichana wa sekondari, wanavyouza rejareja sokoni kwa wasichana wanaotaka kunenepa mashavu na makalio kabla ya harusi. Nilivimwaga chooni na wewe nilikuchapa, na kwa hilo siombi radhi, maana dawa ile si ya kuchezea. Lakini sasa daktari ananipa vile vile, vingi, kila asubuhi, mimi mjane mwenye wajukuu Kabambare. Alieleza vizuri. Alisema vinatuliza uvimbe wa mishipa, vitanivimbisha uso, vitaninyima usingizi, vinaweza kunipandisha sukari, na vitapunguzwa polepole sana, na nikiviacha ghafla nitaua jicho na pengine nitajiua mwenyewe. Wewe uliyasikia yote. Mimi nilisikia kuvimba uso tu.

Na uso ukavimba. Ukawa wa duara kama sinia. Mama Furaha, muuza dawa wa pale sokoni, alinishika shavu mbele ya wanawake wote akasema: "Mama Asumani, uko nanenepa hivi, bwana njo nani?" Wakacheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda nyumbani nikajifungia.

Wewe hukuelewa kwa nini utani mdogo vile ulinivunja, na sikukueleza. Wakati wa vita wewe ulikuwa mtoto mchanga. Wakati ule sisi sote tulikuwa mifupa, na mwanamke aliyenenepa tulijua ananenepea wapi. Anakula na wenye bunduki. Tulikuwa tunatema mate akipita. Mmoja wao nilimtemea mimi. Sasa nilijiangalia kwenye kioo kwa jicho moja nikaona mashavu yake yule mwanamke kwenye uso wangu. Pengine na yeye hakuwa na raha yoyote mle ndani ya unene wake, hilo nimelifikiri baadaye sana.

Basi nikaanza kuvitia vidonge mdomoni mbele yako, unywe chai yako na moyo uliotulia, kisha kuvitema nyuma ya nyumba. Siku za kwanza nilijisikia mgonjwa na dhaifu, nikafurahi, nikasema unene unatoka. Kichwa kikarudi kuuma. Nikakuficha. Asubuhi ile nilinyoosha mkono nichukue kikombe, mkono ukapita pembeni yake. Nikanyoosha tena. Ukapita tena. Niliinua uso nikakuona umesimama na birika, na katikati ya uso wako palikuwa na doa la kijivu.

Hukuwa umewahi kunifokea kabla ya siku ile. Uliweka birika chini kwanza, nakumbuka, ukaiweka taratibu, halafu ukasema: "Mama, ulikuwa unavitupa?"

Nikasema: "Watu wananicheka."

"Wakucheke," ulisema. "Wakucheke mpaka wachoke. Mimi niko nataka mama mwenye anaona, hata akiwa munene kama pipa."

Ulinivalisha viatu kwa nguvu kama mtoto. Kwenye mtumbwi mkono wangu ulikuwa umeubana mpaka ukaacha alama. Wakanirudishia dripu, na doa likasimama pale pale lilipokuwa. Halikuondoka, lakini halikukua. Ndilo doa ninaloandikia pembeni yake sasa hivi, nageuza kichwa kidogo kama kuku ili nione mstari.

Wiki ile ile ndiyo uliyotakiwa uripoti Pangi. Ulikuwa umesoma kwa shida, umengoja nafasi ya ualimu muda mrefu, na ukaiacha ipite kwenda kwa mwingine, kwa sababu mama yako aliona aibu ya mashavu. Hukunilaumu hata mara moja. Ungenilaumu ningepumzika. Mwaka mzima umekuwa unanihesabia vidonge kiganjani, unasimama mpaka nimeze, unaniambia fungua mdomo, nami nafungua mdomo mbele ya mtoto niliyemzaa.

Sasa nafasi imerudi. Mkuu wa shule amesema wazi kwamba usipofika Jumatatu hataita jina lako mara ya tatu. Nami kwa moyo wote nataka uende. Nataka ukasimame mbele ya watoto wale wa wachimbaji na chaki mkononi. Ukikuta mtoto anayeacha chakula chake kila siku, usimsifu na usimpige. Keti naye umuulize ni kipi kinachomshinda. Sina ushauri mwingine wa ualimu, mimi si mwalimu.

Nilikuwa nimepanga barua hii iishie hapo. Nilikuwa nimetafuta hata bahasha, niifunge, nimpe mwenye pikipiki akupe mkiisha kufika Pangi, mahali ambapo simu inashika ukipanda kilima tu. Ungeisoma usiku wa kwanza, ungelia kidogo, ungelala.

Lakini nimeisoma tena tangu juu, na nimeona mkono wa mama yangu ndani yake. Yeye aliificha habari ya jicho la kwanza kwa sababu sisi tulikuwa na shida za kutosha. Mimi nataka kuficha kwa sababu wewe una shule. Ni sababu nzuri zote mbili, na yake nilimwona nayo ameegemea ukuta.

Sikia basi. Mwezi uliopita daktari alinipunguzia vidonge tena, na safari hii nimevimeza vyote, ulikuwa umesimama pale. Sikutupa hata kimoja, naapa kwa kaburi la mama. Lakini tangu wiki iliyopita panja la kulia linanigonga nikilala. Juzi nilijisuka mwenyewe ili usiguse kichwa changu. Daktari alisema mambo haya yanaweza kurudi dawa ikipungua, na yakirudi twende siku hiyo hiyo, na mimi nimengoja siku hizi zote, nikiomba tu nifike mpaka pikipiki iondoke. Nimekuwa nangoja maziwa yafanye kazi tena.

Pangi iko upande wetu huu wa mto na hospitali iko ng'ambo. Kesho alfajiri pikipiki itapiga honi hapa mlangoni, na saa ile ile mtumbwi wa kwanza utakuwa unapakia watu kule bandarini. Siwezi kukuambia uchukue kipi. Ningekuwa mama hodari ningevuka peke yangu, lakini na hili doa siwezi kuona ubao wa kukanyagia, atanidaka nani? Labda shangazi. Labda mwenye pikipiki atakubali kungoja. Labda Jumatatu itapita. Sijui, na sitaki kulijua peke yangu.

Kwa hiyo bahasha nimeichana. Ukirudi utaikuta barua juu ya begi lako, imefunguliwa, na mimi nitakuwa nimekaa hapa hapa barazani. Isome kabla hujafunga begi. Usije kunikumbatia kwanza, soma mpaka mwisho.

Firigisi ya jana sikukupa, mwanangu. Ilinishinda kutafuna.

Mama yako